MZEE ALIYERUDIA NYIMBO ZAKE



Katika toleo lililopita la gazeti letu, ndugu mmoja wa darasa la tano aliandika kwamba gita lisiingie tena katika uwanja wa shule. Alisema linakula saa za etidi, linavuta wanafunzi kwenye nyimbo za dunia, tena ni muziki wa wazee wasiokuwa na kazi. Wengi walimsifu. Hata mimi, mwaka uliopita, ningemsifu. Lakini leo nataka kumjibu, kwa heshima na bila ugomvi. Nitamjibu kwa habari ya mwimbaji mmoja mzee na albamu aliyoitengeneza alipokuwa karibu na mwisho wa maisha yake. Mnivumilie mpaka mwisho, kisha mhukumu.

Mwimbaji huyo ni Mwenda Jean-Bosco. Wadogo zangu wa darasa la kwanza na la pili labda jina hili hawalijui. Waulizeni babu zenu. Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, ule mji wa mfalme M'siri wa Bayeke ambao tunausoma katika somo la historia. Bayeke wenyewe asili yao ni upande wa Unyamwezi, ng'ambo ya ziwa letu. Basi si mtu wa mbali na sisi. Aliimba kwa Kiswahili, na Kiswahili cha Katanga na hiki chetu cha Fizi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Mboko akisikia nyimbo zake hahitaji mkalimani.

Mwaka wa 1952 Mwingereza mmoja aliyekaa Afrika ya Kusini, jina lake Hugh Tracey, alikuwa anazunguka nchi zetu na mashine ya kunasa sauti. Alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na huko akamkuta kijana huyu na gita lake. Mwenda alikuwa na miaka 22. Akapiga wimbo unaoitwa Masanga, Tracey akaunasa, na wimbo ukasafiri kwa zile sahani nzito za zamani zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika moja. Ulifika Rhodesia, ulifika Kenya, ulifika Ulaya. Mtaalamu mmoja wa muziki, David Rycroft, aliketi akauandika wimbo huo kwa nota, akaeleza katika jarida la wataalamu namna vidole vya Mwenda vilivyofanya kazi. Na vidole vyenyewe vilikuwa viwili tu: gumba na kile cha shahada. Gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene, kidole kile kingine kinaruka juu kwenye nyuzi nyembamba. Ukifumba macho utasema wako watu wawili wanaongea.

Tangu hapo Mwenda alijulikana. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alikaa Nairobi, akawa na kipindi chake katika redio, na wapiga gita wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani, kwenye sikukuu ya muziki ya Newport. Lakini msifikiri alikuwa mtu wa kushinda na gita toka asubuhi mpaka usiku. Alifanya kazi ya benki, akafanya kazi katika kampuni ya migodi, Gécamines, huko Lubumbashi. Alisimamia vikundi vya wanamuziki wengine, na alikuwa na hoteli yake karibu na mpaka wa Zambia. Ndugu yangu wa darasa la tano, huyo ndiye mzee asiyekuwa na kazi?

Sasa nifike kwenye albamu yenyewe. Mwaka wa 1988 Mwenda alikwenda Cape Town, Afrika ya Kusini, akaingia studio. Alikuwa na miaka 58. Toka siku ile ya Jadotville ilikuwa imepita miaka 36. Jean-Bosco halikuwa tena jina lake la kujitambulisha, maana mwaka wa 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kigeni, naye akaitwa Mwenda wa Bayeke. Dunia ya muziki nayo ilikuwa imegeuka. Kule Kinshasa magita yalikuwa ya umeme, manne matano katika kikundi kimoja, na ngoma na tarumbeta juu yake. Gita kavu la mtu mmoja lilionekana kama baiskeli mbele ya gari. Na yeye alifanya nini? Alizirudia nyimbo zake za zamani. Zilezile za ujana wake alizipiga upya, kwa mkono wa mtu mzima.

Mimi nilizisikia kwa baba mdogo, ambaye alikaa miaka mingi Lubumbashi. Amerudi na nyimbo hizo ndani ya karte memori ndogo kama ukucha. Jioni moja, wakati wa likizo, tulikuwa tunangoja ndagala ikauke, akaweka kwanza sahani ya 1952, kisha nyimbo za 1988. Akaniuliza, "Umesikia tofauti?" Nilisema ile ya kwanza ina mbio zaidi, ni nzuri zaidi. Akacheka. Akasema, "Wewe bado kijana. Sikiliza tena." Nimesikiliza tena mara nyingi. Leo nasema hivi: yule wa kwanza anataka tujue kwamba anaweza. Yule wa pili anajua kwamba anaweza, kwa hiyo hana haraka. Anaacha nafasi kati ya neno na neno. Anakuongelesha kama mzee aliyeketi kwenye kiti mbele ya nyumba, mwenye kujua hutaondoka.

Wako wanafunzi wengine niliowasikilizisha nyimbo hizo, wakasema: huyu mzee ameishiwa, hana nyimbo mpya, anarudia tu. Neno hili nataka tulishike vizuri, maana ndilo limenifanya niandike. Sisi katika shule yetu tunaogopa sana kurudia. Mtu akidubla darasa anajificha kama mwizi. Mwalimu akisema "rudia zoezi," tunaguna. Tunataka kufanya kitu mara moja, tuachane nacho. Kumbe fundi wa mitumbwi hapa kwetu hafanyi mtumbwi mmoja maisha yake yote. Anafanya wa kumi, wa ishirini, na ule wa mwisho ndio hauvuji. Mwenda alikuwa na wimbo uliosifiwa na ulimwengu. Angeweza kuketi na kusema, "Mimi ndiye niliyepiga Masanga," apewe soda. Badala yake, katika uzee alikwenda mbali, akaketi mbele ya maikrofoni, akakubali kupimwa tena, tena akapimwa na sauti yake mwenyewe ya ujana. Hiyo si kuishiwa. Hiyo inataka moyo.

Wala si yeye peke yake. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitueleza habari ya Johnny Cash wa Marekani, mwimbaji wa zile nyimbo za mashambani, za kikauboi. (Na tujue kwamba filamu za kikauboi zilifika Katanga pia, na wanaomjua Mwenda wanasema muziki wake ulionja kitu cha huko.) Cash alizaliwa mwaka wa 1932, miaka miwili nyuma ya Mwenda. Alikuwa mashuhuri toka miaka ya 1950, kisha mwaka wa 1986 kampuni yake kubwa ikamwacha, kama mtu anavyotupa kiatu kilichotoboka. Mwaka wa 1994 alitoa albamu yenye sauti yake na gita lake tu, bila kitu kingine, na watu waliokuwa wamemsahau wakarudi kumsikiliza. Vijana wengi hawakumjua kabla ya hapo. Akaendelea kuimba mpaka kifo chake mwaka wa 2003. Tena alikuwa Mkristo, aliyeimba nyimbo za Mungu pamoja na nyimbo za wafungwa na walevi, maana hao nao ni watu.

Lakini angalieni tofauti. Cash aliona matunda. Nyimbo za Mwenda za Cape Town, kampuni ya Rounder ilizitoa kwa CD huko Marekani mwaka uleule wa 1994. Yeye alikuwa amekwisha kufa, mwaka wa 1990, katika ajali ya gari huko Zambia. Alikuwa na miaka 60. Hesabuni: kati ya studio na kaburi ni miaka miwili tu. Kama watu wa Cape Town wangesema, "Tungoje kidogo, atakuja mwaka mwingine," leo tusingekuwa na kitu. Tungebaki na sauti ya kijana tu, na sauti ya mzee ingezikwa naye.

Ndugu wanafunzi, sasa nifike nyumbani, na hapa sherti niseme kosa langu mwenyewe.

Mwaka uliopita, saa ya etidi, nilimkuta mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu nyuma ya jengo la madarasa. Alikuwa anapiga gita la bidoni. Mnalijua: bidoni la mafuta, ubao wa shingo, na nyuzi zilizotolewa ndani ya waya wa freni ya baiskeli. Mimi ni kiongozi wa wanafunzi, na sheria ni sheria. Nilimnyang'anya. Alisema, "Yaya, hili ni la babu, alinikopesha tu, niandike jina lakini usilichukue." Sikumsikiliza. Nilikuwa na hasira, na niseme kweli, nilifurahi pia kuonekana mkali mbele ya wengine. Gita likawekwa katika bohari. Mvua zikaja, bati lilikuwa linavuja, ubao wa shingo ukapinda. Aliporudishiwa mwisho wa mwaka halikufaa tena.

Baadaye nilijua kwamba babu yake huyo alikuwa mvuvi, na katika ujana wake ndiye aliyepiga gita kwenye arusi kijijini kwao. Alikuwa na nyimbo zake mwenyewe, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kibembe, juu ya ziwa, juu ya upepo, juu ya watu walioenda migodini wasirudi. Mjukuu wake alikuwa anajifunza moja moja. Katika likizo yule mzee alikufa. Nilikwenda kwenye matanga. Palikuwa na watu wengi, na karibu kila mtu mwenye telefone mfukoni. Niliuliza: ni nani aliyenasa sauti yake? Hakuna. Hata mmoja. Tulikuwa na mashine bora kuliko ile ya Hugh Tracey, ndogo kuliko kitabu cha nyimbo, na hatukuona kwamba pale palikuwa na kitu cha kunasa. Mjukuu wake alikuwa amejua nyimbo tatu. Zingine zimekwenda. Na mimi nilimnyima miezi ya kujifunza zaidi. Nimemwomba msamaha, amenisamehe. Lakini msamaha haurudishi wimbo.

Tena sisi watu wa Fizi tungepaswa kujua zaidi kuliko wengine. Wazazi wetu wanatusimulia mwaka wa 1996, watu walipokimbia vita na kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Walibeba watoto, sufuria na nguo walizovaa. Gita nani angelibeba? Kaseti nani angezikumbuka? Kitu pekee kilichovuka na kurudi bila kulowa ni kile kilichokuwa ndani ya kichwa cha mtu. Na kichwa cha mtu kinakufa.

Sasa niwajibu wenye wasiwasi, maana najua waalimu wetu wengine wanawaza juu ya roho zetu, na wana haki.

Wanasema gita ni chombo cha bar na cha ulevi. Lakini Jumapili, katika makanisa yetu ya pwani hii, korale zinaimba na gita, tena gita la umeme lenye spika kubwa, na tunasema Amina. Basi gita lenyewe halina kosa. Mfalme Daudi naye alipiga nyuzi, mbele ya Sauli na mbele ya Mungu. Kosa linaweza kuwa katika maneno, au katika mahali, au katika saa. Hayo tuyachunge. Sisemi Mwenda alikuwa mtakatifu, wala sisemi kila wimbo wake uimbwe katika ibada. Nasema kwamba wimbo wa mtu anayeeleza maisha yake, safari yake, fedha iliyomponyoka na ndugu waliomcheka, ni mahubiri ya namna yake, na kijana anaweza kujifunza humo.

Wanasema pia linapoteza masomo. Hapo nakubali nusu. Saa ya etidi ni saa ya etidi, na mimi ninayengoja Egzetata najua thamani yake. Lakini telefone inapoteza masomo mara kumi kuliko gita. Mtu anakaa na telefone saa mbili, akiisha hana kitu mkononi. Aliyekaa na gita saa mbili ana vidole vinavyouma na wimbo mmoja zaidi.

Wa tatu wanasema ni mambo ya wazee, na sisi ni watu wa leo. Kwa hao nina neno fupi tu: yule mzee wa Cape Town alikuwa kijana wa Jadotville. Ninyi pia, Mungu akiwajalia, mtakuwa na miaka 58. Mtapenda mwanafunzi wa wakati huo aseme nini juu yenu?

Kwa hiyo, Bwana Prefe na waalimu wetu, kwa heshima ninaomba mambo matatu.

La kwanza, gita lisikatazwe. Liwekewe saa yake, Jumamosi alasiri, mahali pa wazi, chini ya mwalimu mmoja. Nje ya saa hiyo mwenye kosa aadhibiwe, na chombo chake kitunzwe mahali pakavu.

La pili, kila mwanafunzi, katika likizo hii, atafute mzee mmoja, mwanaume au mwanamke, mwenye wimbo. Hata akina mama wanaoimba wakitwanga mihogo wana nyimbo zao. Amwombe ruhusa kwanza. Anase kwa telefone ya nyumbani, na aandike katika daftari jina la mwimbaji, kijiji, mwaka, na maneno ya wimbo. Zile sahani za Tracey zina faida mpaka leo kwa sababu aliandika nani, wapi na lini, na chuo alichokianzisha mwaka wa 1954 kinazihifadhi Afrika ya Kusini. Sauti isiyo na jina ni yatima.

La tatu, mzee akikosea akasema, "Ngoja, nirudie," msimkatize na msichoke. Mwacheni arudie. Pengine mara ile ya pili ndiyo itakayobaki.

Kwa ndugu yangu wa darasa la tano: sikukasirikii. Uliandika kile nilichokitenda mimi mwenyewe. Njoo Jumamosi, kama Bwana Prefe akikubali, nitakusikilizisha sahani zote mbili, ya kijana na ya mzee, nawe utasema mwenyewe.

Na yule mdogo wangu wa darasa la tatu, sasa yuko wa nne. Tumepata bidoni lingine. Ubao ameuchonga fundi wa mitumbwi bila kuomba hata franga moja, kwa sababu alicheza kwa gita la yule babu siku ya arusi yake. Waya za freni bado tunazitafuta. Mwenye baiskeli iliyokufa atuambie.

Kiongozi wa wanafunzi,
darasa la sita